Naomba ushauri: nikeli haishiki ndani ya tundu

Wakuu habari za kazi. Nina karakana ndogo, napaka nikeli kwa umeme. Nimepokea vipande 40 vya chuma, kila kimoja kina tundu lenye upana wa milimita 12 na urefu wa kwenda ndani milimita 60, na halitokei upande wa pili. Nje kinatoka safi kabisa, kinang'aa. Nilikata kimoja kwa msumeno nikachungulia: nikeli imeingia kama sentimita moja tu, kisha ni chuma kitupu, na siku ya pili kutu ilishaanza.

Najua umeme hukimbilia kingo na sehemu zilizo karibu na anodi (kile kipande cha nikeli kinachofungwa upande wa chanya wa umeme), mle ndani haufiki. Nilipoongeza ampia, mdomo wa tundu uliungua ukawa mweusi na kukwaruza. Nikachomeka fimbo nyembamba ya nikeli katikati ya tundu iwe anodi ya ndani, nimeivisha vipete vya plastiki isiguse chuma. Hapo kuta zilishika vizuri, ila kule chini bado kuna doa, nadhani ni povu la haidrojeni linalonasa. Kugeuza mdomo juu kumesaidia kidogo tu.

Aliyewahi kusukuma dawa (yale maji yenye nikeli tunayotumbukizia chuma) ndani kwa pampu na mpira mwembamba, alifanyaje? Au nihamie nikeli isiyotumia umeme, ile ya haipofosfaiti, kemikali inayoifanya nikeli ishike chuma bila umeme? Inapaka sawasawa popote dawa inapofika, lakini inataka joto la karibu nyuzi 90 na dawa yake huchoka haraka. Kwa vipande 40 inalipa kweli? Mwenye kazi anavisubiri, na sitaki kumpa kitu kitakachooza ndani.