Naomba ushauri kuhusu muziki wakati wa mazoezi ya BMX

Ndugu zangu, mimi ni kijana wa Kirumba, Mwanza, ninayeendesha baiskeli ya BMX, ile ndogo yenye magurudumu ya inchi 20, na mazoezi yangu huyafanyia kwenye sakafu ya saruji karibu na ziwa, ambako upepo ukileta mchanga tairi la nyuma huteleza. Katika mtindo huru wa BMX (freestyle), yaani ule wa kuonyesha miruko na mbinu, ulioingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo mwaka 2021, mchezaji hupewa sekunde 60 kila raundi. Nami hupenda kupanga miruko yangu kwa kufuata mdundo. Singeli naipenda mno, lakini kasi yake hunifanya niruke kabla ya wakati (taarabu, kusema kweli, sijaithubutu). Je, nishike wimbo mmoja hadi niuzoee, au kwanza nijifunze miruko bila muziki?