Aliyemwinua mtoto wa sungura kwa masikio akasema "hii ni mboga tu"

Wakuu, naandika mikono ikinuka moshi. Mhusika mnamjua nyote, kwa maana kuanzia Isyonje hadi Matamba hakuna mwingine mwenye mbwa sita, pikipiki moja na akili nusu.

Leo asubuhi amezitia moto nyasi za ukingoni mwa shamba lake la viazi, eti anafukuza panya, huku mbwa amewapanga upande wa pili kama mabeki. Sungura wakubwa walichomoka, wakaishia vinywani mwa mbwa. Watoto hawakutoka, kwa sababu sungura wetu wa mwituni hazaliwi shimoni. Huzaliwa juu ya ardhi, ana manyoya tayari na macho yamefunguka, na kinga yake ni kutulia tuli nyasini mpaka mama arudi kumnyonyesha. Mwewe humpita bila kumwona, lakini moto hauna macho ya kudanganywa.

Basi bwana yule akaingia kwenye majivu, akamwinua mmoja kwa masikio, mdogo kuliko ngumi yangu, bado anarusha miguu, akaniambia: "Mama, hii ni mboga tu." Mboga! Kiumbe asiyejaza hata upawa!

Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali cha kuwinda. Akajibu kwamba sungura hajui kusoma. Na wakati wote huo alikuwa bado amemshika masikio.

Jirani wa Uyole: Pole, mama. Ila si wewe niliyekuona sokoni ukilia kwamba nyama ya sungura imepanda bei?

Mleta uzi: Yule alikuwa wa kufugwa, na hakuna aliyemning'iniza kwa masikio mbele yangu.

Mzee wa Mbuzi: Afadhali mbwa. Huku Makete wanatega tanzi za waya wa breki ya baiskeli, na sungura anayenasa kiunoni hujivuta usiku kucha. Juzi tanzi imemnasa mbuzi wangu, na mwenye mtego ananidai fidia ya waya!

Mkazi wa Mufindi: Nyinyi mna nyasi za kuchoma. Sisi tumezungukwa na mashamba ya miti ya misindano, chini yake hapaoti jani la kumshibisha panzi, kwa hiyo sungura wote wamehamia kwenye kabichi zangu.

Mzee wa Mbuzi: Kabichi utapanda nyingine. Mbuzi wangu anachechemea.

Mleta uzi: Jamani, masikio!

Jirani wa Uyole: Tumesikia, mama. Wewe wa Mufindi, hizo kabichi zilizobaki unauzaje?