Mjadala: Tunachokililia ni wema wa zamani, au ni hali ya kutojaribiwa?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, juzi nilikuwa Magomeni kwa shangazi yangu, kwenye arobaini ya jirani. Mazungumzo ya barazani yakaelekea kulekule yanakoelekea kila wazee wanapokutana: zamani milango haikufungwa, mtoto alikuwa wa mtaa mzima, na mkubwa yeyote aliyekukuta unazurura saa za masomo alikuchapa, kisha akakupeleka kwenu ukachapwa tena. Wakati wanasema hayo, mimi nilikuwa nikiitazama korido ya nyumba ile ya vyumba sita, ambamo kila mlango una kufuli lake na hata pipa la maji la uani lina kufuli.

Swali langu ni hili: je, binadamu amepoteza usafi wa moyo unaostahili kurudishwa, au kilichopotea ni hali ya kutojaribiwa tu? Mimi nasimama upande wa pili. Redio ya mkulima ilikuwa moja kwa nyumba kumi, na aliyeiiba asingekuwa na pa kuisikilizia bila kusikiwa na mwenyewe. Asiyeiba kwa kukosa cha kuiba, uaminifu wake bado hatujaujua.

Tena mtaa huohuo wa milango wazi ulijua sana kumfungia mtu. Dada mmoja tuliyesoma naye alipopata ujauzito alifukuzwa shule, akafichwa chumba cha uani mpaka akajifungua, nasi watoto tukaambiwa kasafiri. Sikumbuki mzee hata mmoja aliyepaza sauti. Ni mpaka Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa sababu hiyo wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Kama zamani ndiyo ilikuwa bustani ya Edeni, dada yule hakuwa na nafasi ndani yake.

Dini zetu nazo hazikuufanya utoto kuwa kilele. Qurani inataja nafsi yenye kuamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotua, na wanazuoni wengi wamezisoma kama hatua za safari moja. Kwa Wakristo, askofu Irenaeus wa Lyon, katika karne ya 2, alifundisha kwamba Adamu na Hawa waliumbwa wakiwa kama watoto waliopaswa kukua. Kote huko bustani ni mwanzo wa njia.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini, lakini umeikata aya katikati. Nafsi iliyotua, katika Sura ya Al-Fajr, inaambiwa irejee kwa Mola wake. Irejee! Na Mtume amesema kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile safi, kwa hiyo usafi tunaoulilia si ndoto ya wazee wa barazani. Halafu nenda kituo chochote cha daladala saa kumi na mbili asubuhi, uone kondakta anavyomsukuma chini mwanafunzi kwa kuwa nauli yake ni ndogo, huku watu wazima waliokaa wakitazama simu zao. Zamani mmoja wao angemkemea. Huo ukomavu wa kiroho unaousifu umo ndani ya basi gani?

Mtoa mada:

Hoja ya daladala imenikamata, maana nami nimewahi kukaa dirishani nikatazama simu, na siwezi kusingizia kutojua. Kuhusu aya, nakubali neno ni kurejea, ila anayeambiwa arejee ni mwenye kutua, ambaye kwa usomaji ule wa wanazuoni keshapita kwenye kujilaumu, na anaitwa kwa Mola, si Magomeni ya ujana wa shangazi. Fitra siikatai. Ninachokataa ni kuichanganya na ujinga wa utotoni.

Niongeze jambo ambalo sikulisema mwanzo, nalo pengine linakusaidia wewe kuliko mimi. Shangazi, pamoja na kufuli la pipa, kila usiku huacha ufunguo wa akiba wa chumba chake kwa binti mpangaji aliyehamia mwaka jana, ambaye hana naye undugu wowote. Nilimuuliza kama haogopi. Akanijibu, "Nimeshaibiwa mara mbili humu ndani, mwanangu. Lakini nikizidiwa usiku, nani atanifungulia?"