Mwarobaini: tupime kwanza au tunywe tu?

Mwanakwetu: Wadau, wazee wametibu homa kwa mwarobaini miaka nenda rudi. Leo tunaambiwa tusubiri maabara ndipo tuiamini dawa yetu ya asili. Kwa nini?

Nesi wa Zamu: Kwa sababu si kila homa ni malaria. Juzi kaletwa mtoto anawaka moto, kipimo mistari miwili, yaani malaria anayo. Mama ana chupa ya maji ya kijani, ukimuuliza kampa vijiko vingapi, hajui. Hata artemisia, mmea uliotupa dawa mseto ya malaria, mwanasayansi Tu Youyou wa China aligundua moto unaiharibu. Kitabu cha kale cha tabibu wa Kichina Ge Hong kilisema iloweke majini, uikamue. Tu akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, akafanikiwa. Nobeli ya 2015 hiyo. Bibi zetu wangeichemsha tu.

Mwanakwetu: Bibi yangu umuache! Kalea watoto tisa, hakuzika hata mmoja. Wewe na vipimo vyako umelea wangapi?

Kidole Juu: Dawa ya asili ya nani, kwanza? Mwarobaini umetoka India.

Mvita Damu: Haya, na embe je? Nalo la Wahindi. Kamwambie mamako aache kula achari.

Kidole Juu: Mama yangu anaingiaje hapa?

Mvita Damu: Kwa mlango ule ule alioingilia bibi wa mwenzio.

Fundi Saa: Klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, nayo ilipimwa, si ndiyo? Tanzania Bara waliiacha 2001 kama sijakosea, haikufua dafu tena. Halafu jani likipimwa, nani atamiliki? Litarudi kwenye pakiti tuuziwe.

Nesi wa Zamu: Sikumtukana bibi wa mtu. Klorokwini ilifanya kazi miaka mingi, vimelea vikaizoea. Ndiyo maana 2019 WHO ilikataa chai ya artemisia: dawa kidogo kikombeni, vimelea vinapata mazoezi. Usugu kwa dawa ya artemisia umeshaonekana Rwanda, Uganda, na kwetu Kagera.

Mwanakwetu: Kwa hiyo bibi alikuwa anavipa mazoezi?

Nesi wa Zamu: Nimesema artemisia, ndugu yangu. MWAROBAINI NI MTI MWINGINE.

Mwanakwetu: Ulisema bibi zetu. Panda juu usome.

Fundi Saa: Swali langu la nani atamiliki mmeliruka.

Kidole Juu: Mvita, hiyo achari embe mnaanika siku ngapi? Yangu imeota ukungu.

Mvita Damu: Mpaka zisinyae. Na chumvi usiibanie, mpenda India wewe.