Mdogo wangu anataka kutuma pesa aingizwe Frimasoni. Nimwambie nini anielewe?

DadaWaIgoma

Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu anaendesha boda, kijiwe chake kipo Buhongwa. Mwezi uliopita alichukua namba kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme: "Jiunge na Frimasoni, utajiri ndani ya siku saba." Akapiga. Anayejiita wakala amemtumia picha ya pete na begi lililojaa dola, anadai 150,000 ya fomu, halafu itafuata ada ya kiapo. Kijana ameshaanza kuchelewesha hesabu ya bosi wake ili aifikishe.

Nikimwambia ni matapeli ananijibu: "Mbona fulani pale soko la samaki la Kirumba mwaloni juzi tu alikuwa mbeba mizigo, leo ana mitumbwi na ghorofa? Samaki gani wanajenga ghorofa?" Na kanisani kwetu nimesikia shuhuda za watu wanaosema walitoka huko. Sasa nauliza, hawa watu wapo kweli? Na nimzuieje kabla hajatuma?

Nyamagana1

Wapo dada, tena usilichukulie kirahisi. MV Bukoba unadhani ilizama hivi hivi? Lile lilikuwa kafara. Mwombee mdogo wako na simu umnyang'anye.

MwalimuMstaafu

Binti yangu, nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi hapa Mwanza, na jambo hili linaniuma, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa kirefu.

Frimasoni wapo. Umoja wao ulianza rasmi London mwaka 1717. Dar es Salaam wana ukumbi wao mjini kabisa, watu wanapita mbele yake kila siku. Kiongozi wao wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi alikuwa Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, na wala hakujificha: alihojiwa na waandishi na akaandika kitabu cha maisha yake. Mdogo wako amfikirie huyo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vya kusaga nafaka vya familia yake vilitaifishwa. Chama kinachodaiwa kuiendesha dunia hakikumwokolea hata kinu kimoja. Alichofanya ni kukubali kuajiriwa na serikali, akaongoza Shirika la Taifa la Usagishaji. Na chama hicho ni cha kulipa michango kila mwaka, anayeingia anapendekezwa na wanachama wanaomfahamu. Hakigawi mtaji, na hakitafuti watu kwenye nguzo za umeme.

Kuhusu shuhuda, simhukumu mtu wa kanisani kwenu, simjui. Lakini ajue kuna Mfaransa aliyejiita Léo Taxil. Kuanzia 1885 aliwauzia Wakatoliki vitabu na hadithi za Frimasoni wanaomwabudu shetani, na kuna maaskofu waliomwamini. Tarehe 19 Aprili 1897 aliita mkutano Paris, akasema hadharani kwamba yote aliyatunga. Miaka 12! Na mengi aliyoyatunga bado yanazunguka, nayasikia mpaka kwenye daladala za Nyakato.

Illuminati, wale wanaotajwa sana pamoja na Frimasoni, nao walikuwepo. Adam Weishaupt aliwaanzisha Bavaria, Ujerumani, tarehe 1 Mei 1776. Mtawala wa huko akawapiga marufuku 1784 na 1785, wakaishia hapo.

Nyamagana1, kwenye MV Bukoba umenigusa pabaya. Nilikuwa na wanafunzi waliobaki yatima tarehe 21 Mei 1996. Meli ile iliruhusiwa abiria 430, na waliokufa peke yao wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Abiria wa daraja la chini hawakuwa hata na orodha. Ilipopinduka, watu walikuwa hai ndani wakigonga bati. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama. Kila jambo hapo lina mtu aliyelifanya au aliyeacha kulifanya. Tukisema ni kafara, hao wote tumewafutia kesi. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka Ukara ikiwa imejaza vilevile, na waliokufa walizidi 200.

Na usiniambie ni maneno tu ya vijiweni. Imani kwamba utajiri unanunuliwa kwa damu ndiyo iliyowaua ndugu zetu wenye ualbino hapa Kanda ya Ziwa, watoto wakikatwa viungo kwa ajili ya machimbo na uvuvi. Januari 2015 serikali ilifikia kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kijana anayeamini kwamba tajiri wa mwaloni ametoa kafara, nani atamzuia asijiulize na yeye atoe nini?

Mwisho huyo wa ghorofa. Mpeleke mdogo wako Kirumba asubuhi, asimame karibu na wanunuzi wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya ndani ya samaki. Sangara akipasuliwa, bondo linatolewa taratibu lisichanike, linaoshwa, linabanduliwa utando na damu, kisha linapimwa peke yake kwenye mzani. Bei inapanda kwa ukubwa: kilo ya mabondo makubwa inaiacha mbali kilo ya minofu, kwa sababu yanakwenda China, na huko ni chakula cha fahari. Mwenye mitumbwi anayeyauza mwenyewe bila dalali anaweza kubadilika haraka, majirani wasijue hela imetoka wapi. Muulizeni. Wengi hawaoni aibu kueleza.

WakalaMabatini

Nafanya kazi ya wakala wa pesa. Hawa wa "fomu" nawaona kila wiki upande wa wanaotuma. Baada ya fomu inakuja ya kiapo, halafu ya kusafirisha pete, halafu ya "kufungua akaunti ya dola". Hakuna siku utaambiwa imetosha. Dada, ule ujumbe aliotumiwa usiufute. Kuna namba 15040 ya kuripotia matapeli, tuma huko pamoja na namba ya huyo wakala.

Nyamagana1

Mwalimu shikamoo. Nimekusoma, na wale wanafunzi pole sana. Ila unataka kuniambia wakubwa hawakutani gizani wakapanga mambo?

MwalimuMstaafu

Marahaba. Wanakutana. Italia kulikuwa na kikundi kilichoitwa P2, chini ya Licio Gelli, kilichoanza kama tawi la Frimasoni na kusimamishwa nao 1976. Machi 1981 wapelelezi waliokuwa wakifuatilia kashfa ya benki walipekua mali zake karibu na Arezzo, wakakuta orodha ya majina 962: mawaziri, majenerali, wakuu wa ujasusi, wahariri. Serikali ikaanguka, na 1982 sheria ikapiga marufuku vyama vya siri vya aina hiyo. Siri ya kweli ilipopatikana ilikuwa na majina, akaunti na mahakimu. Hiyo niletee, nitasimama na wewe.

DadaWaIgoma

Asante Mwalimu, nimemsomea yote, la Chande limemkaa. Kesho kutwa tunakwenda mwaloni. Ila sasa ndio ananiambia kwamba jana usiku alishatuma 20,000 "ya kufungua faili". Inaweza kurudi?

WakalaMabatini

Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi, asisubiri asubuhi, awatajie namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Kama mwenzake hajaitoa wanaweza kuizuia. Kama ameshaitoa, mwende polisi na ujumbe wote mchukue RB, yaani namba ya taarifa yenu, maana hiyo namba itakuwa imeshawaliza wengine. Na asimwambie huyo wakala kwamba ameshtuka, atafunga laini.

DadaWaIgoma

Anapiga saa hii, nimekaa naye hapa.