MREJESHO: Mama na daktari wake wa saratani

Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza mwezi uliopita, mama ana saratani ya matiti tukiingia kwa daktari tunatoka hatujaelewa kitu, yeye anaitikia tu "sawa dokta". Asanteni sana jamani, Mungu awabariki.

Nilifuata ule ushauri wenu wa kuandika maswali matatu kwenye daftari na kuanza na lile zito, nikauliza haya matibabu ni ya kuponya au kupunguza makali? Daktari akaweka kalamu chini akatueleza vizuri kabisa, saratani iko hatua ya pili, lengo ni kuponya, kemo (dawa kali za kuua saratani) kwanza kupunguza uvimbe ndo upasuaji. Pia homa ikifika 38 tusimpe panadol tukasubiri asubuhi, twende hospitali saa hiyo hiyo maana kinga ya mwili inakuwa imeshuka kwa sababu ya kemo. Hilo tulikuwa hatujui kabisa! Mama naye akafunguka kuhusu mizizi anayochemsha, hata mimi sikujua, kaambiwa aache kwanza.

Kurekodi kwa simu kumegoma, daktari hakutaka, mdogo wangu akawa anaandika. Na juzi tulikuta daktari mwingine ikabidi tuanze upya, daftari ndo limetuokoa. Nakala ya majibu ya kinyama (kile kipande cha uvimbe walichokata kwenda kupima) bado nafuatilia. Kemo ya tatu Jumanne, mtuombee.