Tupeane uzoefu: ulimwombaje mhadhiri wako barua ya mapendekezo?

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Msimu wa skolashipu ndio huu. Vijana wanahangaika na insha, wanahangaika na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, halafu wanakuja kukwama kwenye barua ya mhadhiri. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wana nafuu kidogo, maana barua zao mbili huhitajika ukishaitwa kwenye usaili. Wengine wanazitaka siku ileile unayotuma maombi. Aliyepita njia hii atuambie: ulimfuata nani, ulimwambiaje, naye alikujibuje? Majina ya wahadhiri na vyuo tuyaache nyumbani.

Binti Mgeta
Mimi nilikuwa naomba skolashipu ya serikali ya China, masomo ya uzamili. Wale wanataka barua mbili, na wameandika wazi: kutoka kwa profesa au profesa mshirikishi. Sasa aliyenisimamia utafiti wangu, aliyekuwa anajua hadi nilivyokuwa nakesha maabara na sampuli za karanga, alikuwa mhadhiri msaidizi. Barua yake isingepokelewa hata angeniandikia kurasa kumi.

Nilimweleza yeye mwenyewe hivyohivyo. Hakuona vibaya. Alinishika mkono akanipeleka kwa profesa mshirikishi wa idara ambaye alinifundisha somo moja tu mwaka wa pili, darasa limejaa hadi madirishani. Kunikumbuka? Wapi! Supavaiza akakaa akaandika maelezo yake kuhusu mimi: mada, nilichokigundua, mashine niliyojifunza kuitumia, na ile wiki umeme ulipokatika nikaokoa sampuli kwa barafu ya wauza samaki. Prof akasoma, akaniita, akanihoji kuhusu utafiti wangu kama niko kwenye utetezi wa tasnifu. Ndipo akaandika. Karatasi yenye nembo ya chuo, sahihi, mhuri. Hadithi ya barafu akaiweka, na nilipozungumza na profesa wa kule China ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Kwa hiyo kabla hujamfuata mtu, soma masharti wanataka mtu wa cheo gani. Huku kwetu "Dokta" na "Prof" tunawaita tu kwa heshima, wenzetu wanaangalia cheo kilichoandikwa chini ya sahihi.

Kaka wa Makambako
Wangu aliniambia, "Andika wewe, ulete nisaini." Nikaenda zangu geto, nikafungua kompyuta, nikaandika: ni mchapakazi, mwaminifu, anajituma, ana ushirikiano mzuri na wenzake. Nikaisoma. Ilikuwa kama barua ya kumwombea mtu kazi ya ulinzi getini!

Kujisifu mwenyewe kwa jina la mtu mzima ni kazi ngumu jamani, na mimi nimelelewa kwamba anayejisifu hana aibu. Nikaifuta. Nilichompelekea ni karatasi moja yenye mambo matupu: somo alilonifundisha na alama niliyopata, kazi ya kikundi niliyoiongoza, swali nililomuuliza darasani akasema turudi kulijadili wiki inayofuata. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi maneno ya kujisifu yamenishinda, ila haya ndiyo niliyoyafanya mbele yako." Akacheka. Akaandika mwenyewe palepale ofisini.

Fundi Namba
Hiyo ya "andika nisaini" iko kila mahali, tusijidanganye. Ila kwa Marekani haikusaidii. Vyuo vingi kule vinataka watu watatu. Wewe unajaza majina na barua pepe zao, mfumo unawatumia linki, wanapakia wenyewe. Barua huioni.

Na kuna kisanduku utakutana nacho kinachokuuliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua hiyo. Kimetokana na sheria yao ya 1974 inayoitwa FERPA, inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake za masomo. Wenzangu wengi walishtuka wakadhani ni mtego. Mimi niliachia. Kamati inaiamini zaidi barua ambayo mwombaji hakuiona.

Kilichonitesa ni barua pepe. Dokta wangu anatumia Gmail kwa kila kitu, na mfumo ukataka anwani ya chuo, ile inayoishia na ac.tz. Anayo, ila nywila aliisahau zamani. Ikabidi mimi mwanafunzi nimfuate kijana wa TEHAMA, nimbembeleze amfungulie Dokta akaunti yake. Linki tukaikuta imelala kwenye spamu.

Jambo lingine: mwombe aeleze kwamba GPA yetu, yaani wastani wa alama, ni kati ya 5.0. Nilikuwa na 3.9, upper second (daraja la pili la juu) safi kabisa, kwetu inaanzia 3.5. Mmarekani aliyezoea 4.0 anaweza kukuona una alama za miujiza, au asijue akuweke wapi. Sentensi moja ya mwalimu inamaliza utata huo.

Mkisauni
Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku tunawaita lec. Wangu nilimtext WhatsApp, tiki zikageuka buluu, kimya. Nikatuma tena, buluu, kimya. Nilichojifunza ni kwamba mwenye funguo za idara ni sekretari. Yule mama anajua lec ameingia saa ngapi, ana kikao wapi, na leo ameamka vipi. Nilimsalimia kwa adabu nikamweleza shida yangu, akaniambia, "Mwanangu, njoo Alhamisi kabla ya saa nne, akishamaliza chai." Nilipofika barua ilisainiwa mimi nimesimama mlangoni. Shikamoo zenu zisiishie kwa maprofesa.

Dada wa Kigamboni
Mimi langu fupi. Wa kwanza niliyemwomba alitaka tukutane hotelini saa mbili usiku "tujadili maudhui". Nikamjibu kwa maandishi kwamba nitakuja ofisini saa nne asubuhi na mwenzangu. Ghafla akawa na kazi nyingi. Ujumbe wake niliutunza, na nikatafuta mwingine.

Mabinti mnaosoma hapa: kutaka ngono ili kukupa huduma ambayo ni sehemu ya kazi yake ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, namba yao ni 113, haina gharama. Barua ya mapendekezo ina waandishi wengi, usione kama mlango ni mmoja.

Mkufunzi Mzee
Ninyi mnaongea na mimi nasoma tu. Nimefundisha chuo miaka mingi, niseme na upande wetu.

"Andika nisaini" tunaisema kwa sababu mnakuja Jumatatu, dedilaini Jumatano, na mezani nina mitihani ya kusahihisha. Siitetei. Nimewahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi, tukapata barua mbili za wahadhiri wawili tofauti zenye aya ileile neno kwa neno. Zote mbili zikawekwa pembeni, na kijana alikuwa na matokeo mazuri tu.

Njoo wiki nne kabla. Lete CV, transkripti, rasimu ya insha yako, jina la programu na tarehe ya mwisho iandikwe kwa herufi kubwa. Huyo wa Makambako alichofanya ndicho hasa tunachotaka. Ukinikumbusha wiki moja kabla sitakasirika, nitashukuru. Na nikikwambia "sidhani kama mimi nakufahamu vya kutosha", jua nimekukatalia kwa adabu. Usining'ang'anie. Barua ya kulazimishwa utaijua kwa ufupi wake: "alikuwa mwanafunzi wangu, alihudhuria vipindi." Hiyo inakuzika.

Pia ukipata, rudi useme. Wengi hawarudi, nasikia tu kwamba fulani yuko Ujerumani.

Kaka wa Makambako
Mwalimu samahani, kesho nakupigia 😂

Mgeni Hapa
Wakuu, supavaiza wangu alifariki mwaka juzi na waliobaki idarani hawanijui. Naomba skolashipu ya DAAD ya Ujerumani, zile programu za EPOS za watu wenye uzoefu wa kazi kutoka nchi zinazoendelea. Nafanyaje?

Mkufunzi Mzee
Pole sana. EPOS wanataka uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, kwa hiyo barua ya mwajiri wako ina uzito mkubwa, anza na hiyo. Soma tangazo la programu yako uone kama wanataka na ya chuo. Kama wanaitaka, nenda kwa mkuu wa idara na nakala ya tasnifu yako, ule ukurasa wenye sahihi ya marehemu uwemo, pamoja na maoni ya mtahini kama unayo. Mkuu wa idara ataandika kwa kutumia jalada lako, na aeleze wazi kwa nini msimamizi wako hakuandika. Jalada liombe mapema, masijala zetu unazijua.